Nyumba Niliyoiona Maji Yamejaa

Mola ahimidiwe, ndugu zangu! Ahimidiwe kwa pumzi hii ninayovuta, na kwa nyinyi mliobaki mkekani baada ya darsa badala ya kukimbilia majikoni kwenu. Ustadhati ameniomba niseme mbele yenu yale ambayo wengine mmeyasikia nusunusu sokoni, na najua yalivyosikika: kwamba Raya mshonaji kanunua nyumba ya fahari ukingoni mwa maji, akaikuta inanuka. Ni kweli, inanuka. Lakini ngojeni niwaeleze inanuka nini, na harufu hiyo imenifanyia nini, maana leo nimesimama hapa kumshukuru Mungu kwa ajili yake.

Wanaonijua wanajua kwamba mimi ni mdadisi. Mteja akiniletea kitambaa, kabla sijamaliza kumpima mabega nimeshajua nguo inakwenda harusi ya nani, nani hakualikwa na kwa nini hakualikwa. Nikiingia jikoni kwa mtu nafunua vyungu. Sifanyi kwa ubaya, ndivyo nilivyoumbwa. Mama yangu alikuwa akinitania kwamba hata kaburini nitakuwa mimi ninayeuliza maswali.

Mama yangu huyo ni Bi Mize, mtu wa Shumba, kaskazini huko. Na kama mimi nilizaliwa kuuliza, yeye alizaliwa kunena. Akisuka ukili ananena, akikuna nazi ananena, umeme ukikatika ananena na giza. Tulipokuwa wadogo tulilala na sauti yake na tukaamka nayo. Baba alikuwa akisema kwamba kwake yeye kimya ndicho kinachomwamsha usingizini.

Baba alipofariki, mirathi iligawiwa kama dini inavyotaka, kila mtu akapata fungu lake, na hakuna aliyemdhulumu mwenzake. Nyumba na shamba vikauzwa. Mimi nilikuwa nimekodi vyumba nyuma ya duka langu la ushonaji, Madungu hapa mjini, sina mume tena wala mtoto, basi ikaonekana ni sawa mama aje kukaa kwangu. Nikampa kitanda kizuri, godoro jipya, feni. Nikamwambia, "Mama, umeshafanya kazi ya kutosha. Sasa pumzika." Akanijibu, "Haya."

Ndugu zangu, hilo "haya" sikulitilia maanani siku ile. Lakini kidogo kidogo mama akaanza kunyamaza. Kwanza aliacha hadithi. Kisha akaacha maswali. Mwisho hata kunigombeza akaacha, na hapo ndipo nilipoogopa. Ilikuwa kama mtu anayezima taa za nyumba chumba kimoja kimoja kabla ya kulala. Akawa anaswali, anavuta tasbihi, anaitikia salamu, basi. Uso anaelekeza ukutani. Chakula anakigusa tu, na ukiondoa sahani unakuta kama ulivyopakua.

Nikampeleka hospitali. Wakampima damu, wakampima presha na sukari, wakamsikiliza moyo na kifua. Kila kitu kizuri. Nikawaita watu wa visomo, wakasoma, mama akaitikia "amin" kwa adabu zote, kisha akarudi kwenye ukuta wake. Nikauliza majirani, nikauliza kaka zangu, nikauliza wateja wangu wenye mama wazee. Kila mtu alikuwa na jibu, na majibu yote niliyajaribu. Siku moja daktari, binti mpole sana, akaniita pembeni akaniambia, "Dada, sisi maradhi hatuyaoni. Lakini mtu mzima asipokula hivi hachukui muda mrefu. Mtafutie kitu anachokipenda."

Nikatoka pale nikiyarudia maneno yake. Mtafutie anachokipenda! Mimi, niliyejua habari za nusu ya Chake Chake, nilikuwa sijui mama yangu mzazi anapenda nini. Nikamuuliza, "Mama, unataka pweza?" Akasema haya. "Nikupeleke Unguja kwa dada yako?" Haya. "Nikununulie redio?" Haya. Nikaingia dukani nikafunga mlango, nikalia juu ya shela la bibi harusi wa watu. Nikamwomba Mola, "Ewe Mola wangu, Wewe unajua yaliyofichika. Nionyeshe anachokitaka, hata kama sikipendi mimi." Hiyo dua ikumbukeni, kwa sababu kuna watu wanaomba bila kusikiliza wanachokiomba, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Baada ya hapo ndipo likaja wazo la bahari. Nilijiambia, huyu ni mtu wa pwani nimemfungia mjini anatazama ukuta. Mpe maji ayatazame. Wakati huohuo dalali mmoja, mteja wangu wa kanzu, akanitajia nyumba inayouzwa kule chini ya Tibirinzi, kwenye ule mtaa mpya ulio ukingoni mwa ghuba. Mnaujua. Watu wanauita Kwa Wenye Mageti. Nyumba zimejipanga kwa mstari, kila moja na ukuta wake, geti lake la chuma, paa la rangi na maua kwenye vyungu. Nilikuwa napita juu barabarani nikijiuliza, hivi watu wale wanaishije? Wanaazimana chumvi? Wanajuana majina? Udadisi nao ulinisukuma, sitaficha.

Sasa nyinyi mnajua kwetu. Mtu hanunui nyumba, haozi wala hasafiri bila kuuliza siku. Najua wapo hapa wanaokunja uso nikitaja mambo ya nyota, na Ustadhati mwenyewe ameshanitazama. Nisameheni, nasema yaliyokuwa. Nilikwenda kwa shehe mmoja mzee anayehesabu siku, nikamweleza. Akaniambia, "Mwanangu, usiende kuitazama nyumba siku za maji mafu, mambo yako yatakufia njiani. Nenda siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na uende baada ya Alasiri. Mambo yako yatajaa."

Nikafuata neno kwa neno. Na naona wenye asili ya pwani mshaanza kucheka, lakini wa mashamba juu bado hamjaelewa, basi nitaeleza. Siku za maji mafu bahari hujaa kidogo na hukupwa kidogo, lakini siku za bamvua maji hujaa sana na hukupwa sana, na hapa kwetu siku hizo yakijaa hujaa jioni, baada ya Alasiri. Kwa hiyo kila nilipokwenda kuitazama nyumba ile, bahari ilikuwa imefika mpaka chini ya ukuta. Imetulia, kijani, inameremeta, vitawi vya mikandaa vinachungulia juu ya maji, na upepo mwanana unaingia dirishani. Nikarudi mwezi ukiandama, yaleyale. Nikarudi tena mwezi mpevu, yaleyale. Mzaliwa wa kisiwani nisijue kama maji hukupwa? Najua, lakini mtu akipenda hujifanya hajui. Dalali hakunidanganya hata kidogo. Mimi ndiye niliyemchagulia saa.

Nikanunua. Fungu langu la urithi na akiba yangu yote ya cherehani iliingia mle. Mwenye nyumba alikuwa anakaa Uarabuni, mambo yakapita kwa utaratibu na kwa mashahidi. Tukahamia siku ya bamvua, baada ya Alasiri, kama mtakavyokisia. Nikamweka mama chumba cha mbele, dirisha linatazama maji. Akakaa kitandani, akatazama. Nikamuuliza, "Umeipenda, mama?" Akasema haya. Nikajipa moyo kwamba ile "haya" ilikuwa na uhai zaidi kidogo kuliko zile za Madungu.

Asubuhi yake nilikunywa chai, nikafagia, na jua lilipopanda nikafungua dirisha la sebuleni kwa mbwembwe zote za mwenye nyumba. Bahari haikuwapo. Ilikuwa imekwenda zake mbali kule, ukanda mwembamba unaong'aa, na kutoka ukutani kwangu mpaka huko ni tope tupu, jeusi, limejaa mashimo na vijiti vilivyochomekwa hapa na pale. Kisha upepo ukageuka. Ndugu zangu, iliyoingia mle ndani sikuwahi kunusa nyumbani kwangu! Harufu ya kitu kilichooza, kizito, kinachokaa kooni. Nikafunga madirisha yote, nikawasha udi, nikakaa chini kwenye marumaru yangu mapya nikashika kichwa. Nilikuwa nimemleta mgonjwa asiyekula kwenye nyumba inayotapisha.

Jirani yangu wa ukuta wa pili alikuja kunikaribisha siku hiyohiyo. Anaitwa Bwana Hemed, mtu mzima wa makamo, mwenye asili ya Kiarabu, aliyefanya kazi Maskati miaka mingi akarudi kujenga kwao. Mtu wa heshima, ana kanzu safi na kitambaa cha mkononi kilichotiwa mafuta mazuri. Akanieleza, na mimi nikamuuliza mpaka akachoka. Vile vijiti ni alama. Chini ya kila kijiti kuna shimo la makumbi, yaani maganda ya nazi, yaliyofukiwa topeni na wanawake wa kijiji cha nyuma yetu. Yanakaa humo miezi mingi mpaka yalainike, kisha yanafukuliwa, yanapigwa kwa gongo, unatoka usumba, na usumba unasokotwa kamba.

"Hiyo ndiyo mitihani yetu, binti yangu," akasema. "Tumejenga kwa gharama, halafu madirisha hayafunguki. Ijumaa baada ya swala sheha, mkubwa wa mtaa wetu, atakuja kwangu. Sisi wenye nyumba tuwe na kauli moja, wale kina mama watafutiwe pengine."

Nikamwambia mimi niko pamoja naye. Na nilisema kwa moyo wote, maana nilikuwa namfikiria mama yangu.

Sasa hapa ndipo lilipoanza jambo lililonitia udadisi mpaka nikashindwa kushona. Nilifunga dirisha la mama, nikatoka kwenda dukani Madungu. Niliporudi nikalikuta wazi. Nikafikiri komeo limelegea. Nikalifunga tena, nikalikaza. Kesho yake wazi! Nyumba ile tulikuwa wawili tu, mimi na mtu asiyesema wala kutoka kitandani ila kwa swala na haja. Nikamuuliza, "Mama, nani anafungua dirisha?" Akaendelea kuvuta tasbihi. Nikamhamishia chumba cha nyuma, kinachotazama barabara, hakina harufu. Nikamlaza vizuri, nikamfunika, nikatoka. Kurudi kwangu, kitanda cha nyuma kitupu, na mama yuko chumba cha mbele, amesimama. Nasema amesimama! Amekamata nondo za dirisha kwa mikono miwili, paji la uso amelibandika kwenye chuma, na pua yake inacheza.

Nikaja nyuma yake nikanyoosha mkono nilifunge. Akanikamata kifundo cha mkono.

"Hayo hayajaiva," akasema.

Sauti ilikuwa ya mkwaruzo. Nikadhani nimeacha chungu jikoni. Nikamuuliza, "Nini, mama? Wali?"

"Wali gani? Makumbi. Wamefukua mapema hawa. Kamba yake haishiki." Akanusa tena. "Nani yuno anofukua?"

"Sijui, mama."

"Basi kaulize."

Ndugu zangu! Mtu aliyezaliwa kuuliza ametumwa kwenda kuuliza, na mama yake ambaye alikuwa hasemi! Sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote mawili pamoja. Nikashuka ngazi za ukutani na viatu vyangu vya dukani, nikaingia topeni mpaka magotini. Kiatu kimoja kikabaki humo na mpaka leo kipo humo. Huku na huko, nikawafikia.

Walikuwa kina mama kadhaa, wamejifunga kanga viunoni, wanatia makumbi kwenye makapu. Mkubwa wao aliinuka akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye mguu usio na kiatu. Huyo ndiye Bi Chumu, ambaye leo hii ni kama mama yangu mdogo.

"Asalaam alaykum," nikasema.

"Wa alaykumu salaam. Leo wa mageti kashuka," akasema, na wenzake wakacheka. "Kama waja kutufukuza, ngoja kwanza tujaze kapu hili."

"Sikuja kufukuza. Mama yangu kanituma. Anasema hayo makumbi hayajaiva."

Kicheko kikakatika. Bi Chumu akachukua ganda moja, akalichana kwa ukucha, akalinusa.

"Mamako n'nani?"

"Bi Mize, wa Shumba."

"Kayaonea wapi?"

"Hakuyaona. Kanusa, yuko pale dirishani."

Akageuka akatazama nyumba yangu. Mama alikuwa bado kaganda kwenye nondo zake. Bi Chumu akalitupa lile ganda kapuni.

"Kasema kweli yuno mama," akawaambia wenzake. "Mie mtu kanitia haraka, ataka kamba za kitanda cha harusi. Nkajua fika ni mapema." Kisha akaniambia, "Nipeleke. N'nataka n'mwone mtu mwenye pua hiyo."

Walizungumza kwa dirishani, mmoja ndani na mmoja nje, miguu ya Bi Chumu ina tope mpaka magotini na hataki kuingia kuniharibia marumaru. Wakaulizana koo na vijiji mpaka wakapata mtu mmoja wanayemjua wote, marehemu. Kisha wakaanza kubishana. Mama anasema makumbi ya nazi za bara na ya nazi za pwani hayafukiwi shimo moja. Bi Chumu anasema hayo ni mambo ya Shumba, hapa tope lao ni jingine. Mama anasema tope ni tope. Mimi nilikuwa jikoni nimeshika mlango, nasikiliza, machozi yananidondoka kwenye kanga. Katikati ya ubishi mama akageuza kichwa akaita, "We Raya! Chai hakuna nyumba hino?" Nikampelekea chai na mkate. Akaula mkate wote akiwa amesimama, huku anabisha. Allahu akbar! Nilisujudu palepale jikoni, mbele ya jiko la gesi.

Kuanzia hapo kila maji yakikupwa mama anataka kushushwa. Mwanzo tulimshika mikono, mimi huku na Bi Chumu huku, tukamkalisha juu ya kibao ukingoni, akapewa gongo. Pigo la kwanza halikuwa na nguvu. Akapumzika, akapiga tena. Kina mama wakawa wanamletea usumba aukague, na yeye anawaeleza ubaya wake bila kumwonea mtu haya. Akirudi nyumbani ananuka yeye, inanuka kanga yake, kinanuka kitanda chake. Na anakula, ndugu zangu. Anakula na anaulizia kesho.

Lakini Ijumaa ilikuwa inakuja, na mimi nilikuwa nimempa Bwana Hemed neno langu. Hofu niliyokuwa nayo juma lile ni Mungu tu anayeijua. Nilijua wazi kwamba wale kina mama wakiondolewa, mama atarudi kwenye ukuta wake, na safari hii hatageuka tena. Nikaswali, nikaomba, nikasema, Mola wangu, umenionyesha anachokitaka, usininyang'anye kabla sijashiba kumsikia.

Ijumaa tukakusanyika barazani kwa Bwana Hemed, wenye nyumba wote, na sheha, na Bi Chumu na wenzake wawili wamekaa pembeni kabisa karibu na geti. Mama aling'ang'ania kuja. Bwana Hemed alisema kwa lugha nzuri kama kawaida yake, hakumtukana mtu, akaeleza harufu, nzi, wageni wanavyoona haya. Akamaliza kwa kusema, "Na jirani yetu mpya, Bi Raya, atathibitisha."

Nikasimama. Nikasema, "Sheha, nilimkubalia Bwana Hemed, na leo narudisha neno langu mbele yenu, anisamehe. Harufu ipo, nami siipendi. Lakini mama yangu alikuwa hasemi wala hali, daktari ameshakata tamaa. Kilichomwinua kitandani ni harufu hiyo. Mkiwaondoa hawa mtakuwa mmeniondolea mama. Hoja nyingine sina." Nikakaa.

Bwana Hemed akamgeukia mama. Akamuuliza kwa upole, "Bi Mize, ni kweli haya?"

"Kweli, mwanangu," mama akasema. "Na mashimo hayo yamekutangulieni. Nyie mmekuja juzi na kuta zenu." Watu wakaguna. Mama akanyoosha kidole upande wa pili, kwa kina Bi Chumu. "Lakini na nyie mna uvivu! Makapi mwayaacha chini ya kuta za watu yachacha. Yachukueni mkayaoshe kule mbele maji yanakopita. Nusu ya harufu hino si ya makumbi, ni ya uvivu wenu."

Bi Chumu akafunika mdomo kwa kanga. Sheha alicheka mpaka akavua kofia. Akasema mashimo yabaki, makapi yahamishwe, na shauri limekwisha. Bwana Hemed akakubali. Hakulifurahia, nisiwadanganye, na mpaka leo maji yakikupwa hupita na kitambaa chake puani. Lakini juzi alimletea mama kitanda cha marehemu mama yake, cha mbao na kamba, kamba zimekatika, akamwomba amwambie nani wa kukiwamba upya.

Sasa mimi, kwa tabia yangu, nilikuwa nimebakiwa na swali moja linalonila. Tulipotoka barazani nikamshika mama mkono, tukatembea polepole kando ya ukuta, nikamuuliza. Mama, kwa nini ulinyamaza? Nilidhani atasema ni msiba wa baba, au kuuzwa kwa nyumba.

"Nliacha makumbi yangu chini," akasema.

"Wapi?"

"Shumba. Siku mlonipakia garini. Mliuliza sanduku langu liko wapi. Mkauliza msahafu. Mkauliza kuku apewe nani. Kuhusu makumbi hapana alouliza. Mashimo yale nliachiwa na mamangu, na mamangu na mamake. Nkaona, ikiwa wanangu hawajui hata kama n'na kitu pale, basi n'nene n'ni?"

Nilisimama, ndugu zangu. Tuligawa fedha za shamba, za mikarafuu na za minazi, tukagawa mpaka vyungu vya shaba. Na mimi ninayeuliza kila mtu kila kitu nilikuwa sijamuuliza mama yangu swali hilo dogo. Iliniuma, na bado inaniuma.

Basi tukakodi gari, mimi na yeye na Bi Chumu, tukaenda Shumba siku maji yamekupwa. Vijiti vyake havikuwapo tena. Mama akasimama topeni akatazama huku, akatazama kule, akajisogeza kidogo akasema, "Hapa." Bi Chumu akafukua kwa mikono. Makumbi yalikuwapo. Meusi, yamelainika kupita kiasi, mengine yalimeguka mkononi kama mkate uliolowa. Mama akayapokea moja moja, akayanusa, akayasuuza majini, na yale yaliyokuwa bado yana nyuzi akayatia kapuni. Kisha akamwita mke wa jirani yetu wa zamani, akamwonyesha shimo, akamwambia, "Lako hili. Nimekupa." Tukarudi Chake na kapu kwenye buti, na dereva akaendesha madirisha yote wazi njia nzima.

Nimemaliza, ndugu zangu. Kama yupo hapa mwenye mzigo, mwenye mgonjwa asiyeinuka, mwenye nyumba asiyoipenda, namwambia kwa niliyoyaona kwa macho yangu: mwegemee Mola wako, na ukishaomba usimchagulie njia ya kupitia. Mimi nilimtafutia mama mandhari, Yeye akampa tope, na tope ndilo lililokuwa dawa. Mshukuruni pamoja nami, na mwenye kutaka kuhakikisha aje Kwa Wenye Mageti, geti langu halifungwi.

Mtamsikia mama kabla hamjafika. Siku hizi anaanza kunena alfajiri, ananena nikishona, ananena nikila, na nikipanda kitandani bado ananieleza makosa ya kamba niliyosokota. Jana nilichoka, nikafungua kinywa nimwambie, mama, nyamaza kidogo. Neno likafika ulimini, nikalimeza.